Kifuko cha Ngozi ya Tingatinga

Kama uliwahi kumpelekea Ignatius Osiako kazi ya ngozi pale kibandani kwake, nyuma ya stendi ya Kakamega, basi neno lake unalijua: kesho. Mkanda umekatika? Kesho. Unataka kifuko cha kalamu chenye jina la mwanao? Kesho. Ukirudi hiyo kesho yenyewe unamkuta ameinamia kazi ya mtu mwingine, anakuinulia uso mtakatifu kama wa shemasi, anakuambia, "Ah, ndugu yangu, sasa hivi nilikuwa nakuwaza. Njoo kesho." Watu walimlaani kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, kisha wakarudi, kwa sababu kazi ikitoka ilikuwa kazi kweli.

Vifuko vyake vya kalamu ndivyo vilivyompa jina. Vidogo tu, vya kutosha kalamu mbili na penseli, na mfuniko unaolala juu kama kope la jicho. Alishona kwa sindano mbili zinazopishana kwenye tundu moja, uzi umepakwa nta, halafu akasugua kingo kwa mfupa hadi zing'ae. Makarani walivinunua kwa sababu wino ulikuwa umewaharibia mashati. Manesi walivinunua, walimu walivinunua, na wazazi wenye mtoto anayekwenda chuo walitaka jina lichomwe juu kwa chuma cha moto, mtoto asije akaibiwa kalamu na wenzake. Siku hizi watu wanaandika kwa simu, sikatai, lakini fomu za serikali bado zinataka kalamu, na kalamu inataka pa kulala.

Ndipo kiharusi kikaja. Ignatius aliinama kuokota msharasi wake wa kutobolea ngozi uliomwanguka, hakuinuka. Walimkimbiza hospitali, na alipozinduka upande wa kuume wote ulikuwa umekufa, mkono umelala kifuani kama kuku aliyefungwa miguu, mdomo umekwenda kando. Mkewe Ayuma alikaa naye akimsemesha tu, hajibiwi. Mwishoni, ndugu wakiwa wamejaa chumbani, akamwuliza, "Baba Emily, unanijua mimi?"

Ignatius akakusanya nguvu zake zote. "Kesho," akasema.

Jamani! Kipkoech, fundi viatu wa kibanda cha pili, alicheka hadi akatoka nje kujishika ukutani. "Hata ugonjwa uko na heshima," akawa anasema. "Umechukua maneno yote, umeacha ile ya kazi!" Walicheka wote, na Ignatius naye alicheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, kwa sababu alidhani hilo ni neno la kwanza, mengine yako nyuma yake kwenye foleni.

Hayakuja. Mengine yote yalikaa humo ndani, mazima, na majina ya watu na matusi na sala, lakini kila aliposukuma moja litoke, lililotoka ni kesho. Akitaka maji, kesho. Akiumwa, kesho. Kichwa nacho kilimsaliti: akitaka kukataa kilikubali, akitaka kukubali kilitikisika kukataa, na mara nyingine kilifanya sawasawa, basi hakuna aliyejua wakati gani wa kukiamini. Daktari aliwaambia wawe na subira. Ayuma alikuwa na subira. Alimwogesha, alimlisha obusuma, ugali wa kwao, kwa kijiko kama mtoto, na asubuhi yeye na Kipkoech walimkokota hadi kibandani, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki chenye mikono ili asianguke, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kumwachia.

Na kazi akaishika Ayuma. Miaka yote alikuwa akimletea mumewe chakula cha mchana na kusimama kidogo akitazama, kumbe alikuwa anasoma. Alianza na mikanda, akaharibu, akalia, akaanza tena. Kisha akaingia kwenye vifuko. Ignatius aliketi pale akimwona anaminya gundi nyingi mno, akitaka kusema "punguza, Mama Emily," na kutoa kesho. Akimwona anakata ngozi ya tumbo ambayo itavutika ndani ya mwezi mmoja, na kutoa kesho. Ayuma alimjibu bila kuinua macho, "Sawa, baba, kesho." Taratibu mshono wake ukanyooka. Wateja wakasema hawaoni tofauti. Ignatius aliona fahari, na fahari ile ilimuuma, maana kumbe dunia inaweza kuendelea kushonwa bila yeye.

Sasa sikiliza jambo ambalo Ayuma hakulijua, wala hakulijua mtu mwingine yeyote.

Ignatius ni mtu wa Malinya, na huko kwao alikuwa na fahali wa kupigana, mweusi tii, akiitwa Tingatinga. Unayajua mambo ya fahali wa kule: Jumamosi anaamshwa kwa ngoma za isukuti, watu wanamtangulia na matawi mikononi wakimsifu kuliko wanavyomsifu mbunge, na akishinda mwenye fahali hatembei, anabebwa. Siku moja Tingatinga alishinda, lakini pembe la mwenzake lilimpasua begani, jeraha la kuingiza kiganja. Alirudi nyumbani na hasira, hakumruhusu mtu kumkaribia. Aliyemruhusu ni Emily peke yake, binti yao wa pekee, msichana wa shule ya msingi asiyefika hata kifuani mwake. Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule alimwosha kwa maji ya chumvi akimwimbia nyimbo za kanisani, na lile dude lililoogopwa na wanaume likisimama tu linapumua. Jeraha likafunga. Likaacha kovu lililojipinda kama kipini cha kikombe.

Fahali naye huzeeka. Tingatinga alipochinjwa Emily hakugusa nyama, alijifungia akalia. Ignatius hakumwambia neno. Aliichukua ngozi, akaitia chumvi mwenyewe, akailaza kwenye maji ya maganda ya miti, akaigeuza na kuigeuza hadi ikalainika. Sehemu nyingine akaitumia. Bega, lenye kovu, akalikata pembeni akalifunga ndani ya gunia. Siku Emily atakapomaliza chuo, aliwaza, atamshonea kifuko cha kalamu, kovu likae mbele juu ya mfuniko, ili kila akitoa kalamu aliguse.

Kwa nini hakumwambia mkewe? Kwa sababu nyanya yake alimlea akimwonya kwamba jambo jema la mtoto likitajwa kabla ya wakati wake, linasikiwa na masikio mabaya. Emily alipoingia chuo cha kilimo cha Bukura, baba akafunga mdomo zaidi. Na kwa nini hakushona mapema, akaficha kifuko badala ya gunia? Unaniuliza mimi? Muulize yeye! Ngozi ilikuwapo, mikono ilikuwapo, sindano zilikuwapo. Alikuwa anajiambia kesho. Ningekuwa karibu ningemzaba kofi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na huyu alikuwa na ulimi mzima miaka yote hiyo akauweka akiba, hadi ukachukuliwa.

Emily akamaliza chuo. Alipiga simu kusema anakuja nyumbani na sanduku lake, mahafali ni mwezi ujao. Siku hiyo aliyokuwa anatarajiwa, asubuhi na mapema, Mwalimu Moraa akasimama mbele ya kibanda.

Mwalimu huyu alikuwa ameagiza vifuko vya darasa lake zima la watahiniwa. Shuleni kwao kuna siku ya kuombea mtihani: wazazi wanakuja, mchungaji anakuja, na kalamu za watoto zinalazwa mezani ziwekewe mikono. Mwaka huu alitaka kalamu zilale ndani ya vifuko vizuri, mtoto aende navyo chumba cha mtihani. Ayuma alikuwa amevishona karibu vyote, ngozi ikamwishia. Mzigo aliouagiza Nakuru ulikuwa haujafika.

"Mama Emily, nimebakisha watoto wachache tu," Mwalimu Moraa alisema. "Nitawapa wenzao na wao niwaambie nini? Watalia mbele ya mchungaji."

"Kwani maombi ni lini?"

"Kesho asubuhi."

"Kesho," akasema Ignatius kutoka kitini, kwa kuwa alikuwa anajaribu kumsalimu.

"Ehee, hata mzee anajua," Mwalimu Moraa akacheka. "Nipitie saa ngapi leo?"

Ayuma alijishika kiuno, akakitazama kibanda kizima, dari hadi sakafu. Kumwangusha mwalimu yule kulimwogopesha, maana ndiye aliyekuwa akimletea walimu wengine. "Pitia mchana," akasema. "Mungu atafungua mlango." Mwalimu alipokwenda, Ayuma akapiga magoti, akaanza kuvuta vitu chini ya benchi: makopo ya gundi, viatu vilivyokataliwa, katoni za vipande. Na nyuma kabisa, ukutani, gunia.

Ignatius aliliona gunia kabla halijatoka.

"Ala! Baba Emily!" Ayuma alilikunjua. Ngozi ikaanguka mapajani mwake, nyeusi, nene, laini. Akainusa. "Kumbe ulikuwa na ngozi tamu namna hii na mimi nahangaika? Ulikuwa unamfichia nani, wewe mwanamume?"

"Kesho!"

"Hapana, baba. Ni leo. Umemsikia mwalimu."

"Kesho! Kesho! Kesho!" Mkono wa kushoto ulipiga ubavu wa kiti. Alizungusha ulimi kutafuta Emily, neno la silabi tatu tu, jina alilolichagua mwenyewe. Alilisukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Likatoka kesho, na mate.

Ayuma aliacha ngozi, akaja na kikombe cha maji. Ignatius akakisukuma, maji yakamwagika. "Unaumwa? Ni kichwa?" Kichwa kikatikisika. "Ni choo?" Alitaka kukataa kwa nguvu zake zote, na kichwa, mbwa yule, kikakubali. Mara moja, mara mbili.

"Kipkoech! Njoo unisaidie, mzee anataka choo!"

Kipkoech alikuja mbio na mkono bado una kiwi. Ni mtu mzuri Kipkoech, na wema wa watu wazuri siku hiyo ndio uliommaliza Ignatius. Akamwinua. Ignatius akaukamata mti wa kibanda kwa mkono wa kushoto, akaung'ang'ania.

"Wacha, mzee, wacha, tutafika," Kipkoech akambembeleza, akimbandua kidole kimoja kimoja. "Unaonanga aibu ya nini na mimi? Si mimi kama ndugu yako?"

Akamkokota mpaka choo cha stendi, akamfungua suruali, akamsimamisha pale kama mwizi. Hakuna kilichotoka. Kipkoech alipiga mluzi akitazama pembeni kwa heshima, akamngoja sana. Ignatius alisimama akitazama ukuta, akisikia kichwani kwake kisu kinapita kwenye ngozi, na machozi yakamtoka kwa jicho la upande mzima na la upande mbovu pia.

Waliporudi kigezo cha katoni kilikuwa juu ya ngozi, na Ayuma alikuwa ameshakata.

Na alikuwa amekata vizuri! Hilo ndilo lililomkata maini. Alifuata mwelekeo wa ngozi, hakupoteza, kisu hakikuyumba, kingo zimenyooka kama yeye mwenyewe alivyokuwa akizinyoosha. Kama angekuwa na ulimi, angemsifu na kumlilia kwa pumzi moja. "Ngozi nzuri sana," Ayuma alimwambia Kipkoech huku akitoboa matundu, "ila hapa iko na kovu baya. Hiyo nani atanunua?" Akalizunguka lile kovu kwa kisu, kipande kikabaki kama kiganja cha mtoto, akakitupa chini pamoja na vingine.

Ignatius aliketi akaangalia mwanzo hadi mwisho. Aliacha kusema kesho.

Mchana Mwalimu Moraa akaja, akavinusa vifuko, akavipapasa. "Hivi vyeusi ndivyo vinapendeza kushinda vyote," akasema. "Hivi nitawapa wale yatima wangu." Akamshika Ignatius bega kumuaga, akaenda zake. Haya, sasa utamlaumu nani? Mwalimu? Ayuma? Wale watoto wasio na mama, wanaokwenda kuombewa? Ignatius alitafuta wa kumlaumu akamkosa, akajirudia mwenyewe.

Kipkoech alipita tena akachungulia sakafuni. "Mama Emily, hiki cheusi nichukue nifanye kiraka cha buti?"

Kabla hajainama, mguu wa kushoto wa Ignatius, ule mzima, ulisogea ukakikanyaga kipande chenye kovu.

"Ai, mzee amekataa!" Kipkoech akacheka. "Amekuwa mchoyo." Akachukua kipande kingine akaondoka.

Mguu ukabaki pale. Jua likapita juu ya bati, wateja wakaja na kwenda, mguu pale pale, umekufa ganzi, hautoki. Alikuwa na mguu mmoja unaomtii na aliupa kazi moja. Ayuma alipokuja na ufagio kusafisha kabla binti hajafika, akasema, "Inua mguu, baba." Hakuinua. Akajaribu kuuinua yeye, Ignatius akaubana chini kwa nguvu zilizomshangaza mwanamke. Ayuma akauachia ufagio ukaanguka.

"Nimechoka, Baba Emily," akasema, na sauti ikamvunjika. "Asubuhi yote umenipigia kelele. Nimekupa maji umemwaga. Nimekupeleka choo hutaki. Hata huu mguu mzima nao unanikatalia? Mimi nifanye nini? Niambie basi, nifanye nini!" Akajifunika uso kwa leso, akalia wazi wazi bila kujali wapita njia. Ignatius alitaka kumwambia, wewe huna kosa. Alijizuia, kwa kuwa alijua neno litakalotoka.

Hivyo ndivyo Emily alivyowakuta. Aliweka sanduku chini, akamkumbatia mama, akampigia baba magoti. "Baba, habari yako? Umenisubiri?" Kila akija nyumbani humvua baba viatu, akamkanda nyayo kama alivyofundishwa na nesi. Akaushika mguu wa kushoto. Na mguu ule, uliowakatalia watu wote, ukainuka wenyewe.

Emily akaona kipande. Alikiokota ili akitupe, kidole gumba kikapita juu ya kovu, kikasimama. Kikarudi tena, polepole. Wewe unadhani mkono unaweza kusahau jeraha uliloliosha hadi likapona?

"Mama," akasema. "Huyu ni Tingatinga."

"Tingatinga yupi, yule fahali?"

"Fahali wetu. Hili ndilo bega lake. Ngozi hii imetoka wapi?"

Ayuma alitazama kipande, akatazama gunia tupu lililokunjwa juu ya benchi, akamtazama mumewe. Mkono ukapanda mdomoni. "Ilikuwa chini ya benchi, mwanangu. Imefungwa vizuri, imefichwa. Nimeikata leo. Yote nimekata, imekwenda." Akashuka chini, akashika magoti ya Ignatius. "Ulikuwa unaniambia. Uwi! Tangu asubuhi ulikuwa unaniambia, na mimi nikakupeleka choo."

Ignatius akamwekea mkono wa kushoto kichwani. Huo ulimtii.

Emily alitoa kalamu kwenye mkoba wake, akailaza juu ya kipande. Kalamu ilitokeza huku na huku. Kisingeweza kufunika hata nusu yake. Akaigeuza, akajaribu upande wa pili, ni vile vile.

"Ulikuwa umeniwekea mimi, Baba?" aliuliza, na hakutazama kichwa cha baba, aliyatazama macho. Macho yakamjibu. Akauchukua msharasi kwenye benchi, akauweka kwenye mkono wa kuume wa baba yake, akavifunga vidole juu yake. Msharasi ukaanguka. Akauokota akauweka tena. Ukaanguka tena.

"Basi, si lazima iwe leo," Emily akasema haraka, akijilazimisha kucheka. "Nitatafuta ngozi nyingine ya kuungia, hii ikae mbele, juu ya mfuniko. Lakini utashona wewe, siku mkono utakapopata nguvu. Sitaki ya mtu mwingine. Utanishonea, Baba?"

Ignatius Osiako alimtazama binti yake. Katika maisha yake yote ya ufundi hakuwahi kutamani kumwambia mteja ukweli kama alivyotamani saa ile: mwanangu, mkono huu hautashona tena, mpe mama yako, mshono wake umenyooka. Alilipanga kila neno. Akafungua mdomo.

"Kesho," akasema.

"Haya, Baba," Emily akasema. Akakifunga kile kipande ndani ya kitambaa chake, akamsaidia mama kufunga kibanda.